NUSU YA WASIA WA MWALIMU SALAH



Iko filamu fupi, haifiki hata nusu saa, ambayo imezunguka duniani ikipigiwa makofi, na bila shaka wengi wenu mmeiona au mmesimuliwa. Jina lake ni "Watu Wote". Aliiongoza bibi wa Kijerumani, Katja Benrath, kuwa ni kazi ya kumalizia masomo yake katika chuo cha Hamburg Media School, na wengi wa waliocheza na waliofanya kazi nyuma ya kamera ni watu wa Kenya. Lugha zake ni Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2017 ilipata medali ya dhahabu katika tuzo za Oscar za wanafunzi, na mwaka 2018 ikawa miongoni mwa filamu fupi tano zilizoshindania Oscar yenyewe. Haikushinda, lakini hilo si shughuli yetu. Shughuli yetu ni kuuliza filamu hii inatuambia nini juu ya umoja wa nchi iliyogawanyika kwa makabila, na nini imeacha kutuambia.

Tuanze na tukio lenyewe, kwani kisa hakikubuniwa. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, lilishambuliwa na watu wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Waliwataka abiria wajitenge, Waislamu upande huu na Wakristo upande ule. Kila aliyekuwemo alijua maana ya kutengwa. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 22 Novemba 2014, basi jingine lilisimamishwa katika njia hizo hizo za Mandera, wasiokuwa Waislamu wakateremshwa, na watu 28 wakauawa. Siku kumi baadaye wakauawa vibarua 36 wa machimbo ya mawe karibu na mji huo huo. Kisha tarehe 2 Aprili 2015 yakaja mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, ambako roho 148 zilipotea. Basi abiria wa Desemba walikuwa wakijua vyema wanachoombwa, nao walikataa. Wanawake wa Kiislamu walivua mitandio yao wakawafunika wenzao wa Kikristo, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku ile. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule, alipigwa risasi, na mnamo Januari 2016 akafariki katika hospitali mjini Nairobi. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Filamu inatupitisha katika kisa hiki kwa macho ya mwanamke mmoja Mkristo aitwaye Jua, anayepanda basi kwenda kumtazama jamaa yake. Mumewe na mtoto wake waliuawa na magaidi. Kwa hivyo kila kilemba na kila buibui mle ndani ya basi kwake ni kumbukumbu ya kaburi, na mwalimu anayejaribu kuzungumza naye anajibiwa kwa baridi. Kisha basi linasimamishwa, na wale wale aliowachukia ndio wanaomfunika.

Sifa yake ya kwanza ni kuwa haikumfanya Jua mtu mbaya. Chuki yake ina sababu, na sababu hiyo haidharauliwi. Adelyne Wairimu, aliyecheza nafasi hiyo, anasema mengi zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kutamka, na mtazamaji Mwislamu anajikuta akimwonea huruma mtu anayemchukia yeye mtazamaji. Hilo si jambo dogo. Sifa ya pili ni ule mtandio. Ni filamu ngapi za Ulaya na Marekani ambazo mwanamke aliyejifunika huingizwa ili mtazamaji ashike roho? Hapa kitambaa kile kile kimekuwa ngao ya jirani. Nani mwingine alikuwa ametuonesha hivyo katika sinema? Kwa hilo tunamshukuru mwongozaji, na shukrani hizi si za adabu tu.

Lakini, ndugu msomaji, tazama jina la filamu. Kwa Kiswahili inaitwa "Watu Wote", na kwa Kiingereza imeongezewa jina la pili, "All of Us". Kwa haraka mtu hudhani la pili ni tafsiri ya la kwanza. La hasha! Maneno ya Kiingereza maana yake ni "sisi sote". Ukisema "watu wote" huenda wewe umo na huenda umesimama kando ukiwahesabu wengine, lakini ukisema "sisi sote" umejitia mwenyewe katika hesabu na huwezi tena kutoka. Sijui kama waliochagua majina hayo walikusudia tafauti hii, na pengine hawakuiwaza kabisa. Hata hivyo mimi naona ugonjwa wote wa umoja katika nchi hiyo umelala katika tafauti ya majina hayo mawili. Umoja wa Kenya umekuwa ukisemwa kwa "watu wote": watu wote waungane, watu wote waache ukabila, watu wote waishi kwa amani. Msemaji daima yuko jukwaani.

Sasa tuje kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mwalimu Salah, akiwa kitandani hospitalini, alihojiwa na Sauti ya Amerika. Alisema, kwa maana ya maneno yake, kwamba sisi ni ndugu na kilichotutafautisha ni dini tu, na akawaomba ndugu zake Waislamu wawatunze Wakristo ili Wakristo nao wawatunze Waislamu. Wiki chache baadaye aliaga dunia, na maneno yale yakawa wasia. Zingatia namna alivyousema: huyu amtunze yule, ili yule naye amtunze huyu. Ni mkataba wa pande mbili, nao ndio maana hasa ya jukumu la pamoja.

Filamu imechukua upande wa kwanza peke yake. Tangu mwanzo, anayehitaji kuthibitisha wema wake ni Mwislamu, khasa Mwislamu Msomali, na anayekaa kwenye kiti cha hakimu ni Jua pamoja na sisi watazamaji. Basi linaposimamishwa, ushahidi unatolewa, risasi inalia, na hukumu inatoka: kumbe ni watu wema! Mtazamaji anafuta machozi, anatoka ukumbini, na hakudaiwa kitu. Nusu ya pili ya wasia, ile ya kwamba yule mwingine naye amtunze Mwislamu wa Mandera, haikuguswa.

Mtu anaweza kunijibu kuwa filamu ya dakika 22 haiwezi kubeba historia ya miaka 60. Ni kweli, na mimi simlaumu mwanafunzi wa Hamburg kwa kutotengeneza alichokuwa hana nafasi nacho. Ninaowalaumu ni waliosifu. Wasifu wa filamu hii walikuwa wengi, serikalini, magazetini na makanisani, na misikitini pia. Karibu wote walisema: tazameni, huu ndio umoja wa taifa letu. Ni wachache mno walioendelea kuuliza taifa hilo lilikuwa limemfanyia nini Salah hata likamdai kiasi kile.

Tuulize basi. Mwaka 1962, kabla ya uhuru, Waingereza walituma tume kuwauliza wakaazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka wawe wapi, na wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Waingereza wakapuuza jibu la swali waliloliuliza wenyewe. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, mwezi haukwisha ila hali ya hatari ilikwisha kutangazwa katika sehemu hiyo, na vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Vita vile vilikuwa na maovu ya pande zote, hapana haja ya kuyaficha. Lakini vita vilikwisha, na sheria za hali ya hatari hazikwisha. Ziliendelea hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Yaani mtu aliyezaliwa Wajir mwaka wa uhuru alikua, akaoa na akapata watoto bila ya kuishi hata siku moja chini ya sheria za kawaida za nchi yake. Ndiyo maana mzee wa huko akisafiri kwenda Nairobi husema anakwenda Kenya, na akirudi huulizwa khabari za Kenya. Watu wa Nairobi huyacheka maneno haya. Mimi sioni cha kuchekesha.

Kadhalika mwaka 1965 serikali ilitoa waraka mashuhuri, Waraka Nambari 10, uliosema fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi, palipo na ardhi nzuri na mvua, na watu walio tayari kwa maendeleo. Kwa lugha ya mahesabu ni maneno ya busara. Kwa lugha ya udugu maana yake ni kuwa mwenye kisima aongezewe kisima.

Kisha Wagalla. Tarehe 10 Februari 1984, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika Wajir na pambizoni mwake wakawapeleka kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla. Waliwavua nguo, wakawaweka juani siku baada ya siku bila ya chakula na bila ya maji. Wapo waliopigwa risasi na wapo waliokufa kwa kiu. Serikali ilisema wamekufa watu 57. Mwaka 2000 ikakiri kuwa ni 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, iliona idadi inakaribia 1,000, na wenyewe walionusurika wanataja maelfu. Ukumbuke kuwa mwaka huo wa 1984 wimbo wa serikali ulikuwa ni "amani, upendo na umoja". Maneno haya yaliimbwa na watoto wa shule katika kila gwaride huku Wagalla fisi wakishiba.

Haikuishia hapo. Mnamo Novemba 1989 iliamriwa kuwa Wasomali wote wa Kenya, na wao tu, wapite mbele ya kamati wathibitishe uraia wao, na wenye kufaulu wakapewa kadi maalumu ya rangi ya waridi, kipande cha zama za uhuru. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya mabomu, operesheni iliyoitwa Usalama Watch ilivamia Eastleigh na mitaa mingine, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakusanywa katika uwanja wa mpira wa Kasarani wakachunguzwe. Ni miezi ishirini tu kati ya Kasarani na lile basi la El Wak. Kwa hivyo abiria waliosema "tuueni sote au tuacheni sote" walikuwa ni watu ambao nchi yao ilikuwa imewatenga na wenzao, mbele ya macho ya dunia, kwa jina na kwa sura. Wao waliposhikiwa bunduki watenge watu, walikataa kufanya walichofanyiwa. Hapa ndipo ukubwa wa Salah na wenzake ulipo, na filamu, kwa kukosa kutupa nyuma yake, imewapunguza. Imewaonesha wana huruma. Walikuwa na zaidi ya huruma: walikuwa raia kuliko dola.

Iko hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyopokewa na Nu'man bin Bashir, ambayo wahubiri wetu wanaipenda sana wanapozungumzia umoja. Watu walipiga kura ndani ya jahazi, wengine wakapata juu na wengine wakapata chini. Wa chini wakitaka maji ilibidi wapite kwa walio juu. Wakasema, kwa nini tuwasumbue, na tutoboe tundu katika sehemu yetu. Wakiachwa watoboe, wote wataghariki. Wakizuiwa mikono, wote wataokoka. Wahubiri hufika kwenye kuzuia mikono wakatua hapo, wakahimiza serikali iwe kali. Lakini hadithi ilianzia wapi? Ilianzia kwenye kiu. Na katika riwaya ya Tirmidhi tunasikia jambo jingine tena, kwamba wale wa juu walikuwa wamekwisha kulalamika, hawataki wa chini wapande na kuwaudhi. Basi jahazi lile lilikuwa na makosa mawili. Anayetoboa azuiwe, hilo halina mjadala, na hapana dhulma yoyote duniani inayohalalisha kumwua abiria asiye na silaha. Lakini aliye juu ana lake la kujibu juu ya ndoo ya maji. Kenya imekuwa hodari wa kuzuia mikono na mvivu wa kuteka maji.

Hapa msomaji wangu Mwislamu huenda anatikisa kichwa kwa kuridhika, akiona wengine wamelaumiwa. Asiharakishe.

Katika Mandera hiyo hiyo, kati ya 2012 na 2014, Wagarre na Wadegodia walipigana. Wote ni Wasomali, wote ni Waislamu, wote ni Masunni, wanaelekea kibla kimoja na pengine wanafunga na kufungua kwa adhana moja. Nyumba zilichomwa, watu wakahama makwao, na chanzo kikubwa kilikuwa mpaka, malisho, na baada ya katiba ya 2010 kuleta serikali za kaunti, nani ashike kiti na nani ashike fedha. Wako wanaosema kuwa ukabila ni maradhi ya watu wa bara na Uislamu ni dawa yake. Jee, hawa walikosa Uislamu? Aya ya 13 ya Suratul Hujurat imeeleza kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Tunaisoma katika kila harusi na kila mkutano wa maridhiano. Kujuana kunataka kazi, na kazi hiyo haifanywi na qari aliyeisoma aya kwa sauti nzuri.

Na sisi wa pwani tusijifiche nyuma ya Wasomali. Msikitini tunasimama safu moja, bega kwa bega, Mswahili, Mdigo, Mwarabu, Mbajuni, Mhindi, na Mkikuyu aliyesilimu mwaka jana. Salamu ikitolewa kila mmoja anarudi kwake. Ije posa kutoka kwa yule Mkikuyu, ndipo utasikia babu wa kumi anavyofukuliwa kaburini aje kutoa ushahidi. Neno "mbara" katika vinywa vyetu si jina la mahali tena. Hatuwezi kudai nusu ya pili ya wasia wa Salah huku nusu ya kwanza tumeiacha ndani ya basi. Yeye hakusema Waislamu wawatunze Wakristo siku ya bunduki tu.

Nalisema hili kwa sababu liko kosa jingine ambalo filamu, bila ya kukusudia, inalitia nguvu. Nalo ni kuufanya umoja kuwa ni muujiza. Ushujaa wa Desemba 2015 ulikuwa wa kweli, lakini shujaa hapatikani katika kila basi, wala si haki kumdai. Wale abiria wa Novemba 2014 hawakuwa watu wabaya kuliko wa 2015, na mwenye kuwalaumu akiwa kwenye kiti chake cha sebuleni na aone haya. Desemba 2019, baada ya filamu kuzunguka dunia nzima, basi jingine lilisimamishwa kati ya Wajir na Mandera, abiria wakatengwa tena kama mwanzo, na waliotolewa kando wakauawa, miongoni mwao askari polisi. Mtandio wa jirani si mpango wa usalama. Barabara, ulinzi wa barabara, na askari anayeaminiwa na mwenyeji hata mwenyeji akathubutu kumpa khabari, hizo ni kazi za serikali. Na kuthubutu kumpa khabari, ni kazi ya mwenyeji. Lakini mtu aliyewekwa Kasarani Aprili atampelekea khabari askari gani mwezi wa Mei?

Ukitaka kuona gharama ya kuvunjika kwa mkataba huu, usitazame uwanja wa vita, tazama ubao wa shule. Salah alikuwa mwalimu. Shule za kaskazini mashariki kwa miaka mingi zilisimama kwa walimu kutoka sehemu nyingine za Kenya, vijana wa Kikristo wengi wao, waliokwenda Mandera na Wajir kufundisha watoto wa Kiislamu hesabu na Kiingereza. Baadhi ya waliouawa katika basi la Novemba 2014 walikuwa walimu wanaokwenda kwao kwa likizo. Baada ya hapo wengi walikataa kurudi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji. Shule zikabaki na watoto waliovaa sare na kukaa mbele ya ubao usioandikwa. Vijana waliomaliza sekondari juzi wakaombwa waje kufundisha. Wazazi walilalamika kuwa serikali imewatupa, na walikuwa na haki. Walimu nao walisema hawakusomea ualimu ili wafe, na walikuwa na haki vilevile. Ndivyo mambo yanavyokuwa wasia wa pande mbili unapovunjika. Kila upande una haki, na mtoto hajui kugawanya.

Wapo wanaodhani habari hii ni ya dini mbili tu. Haki yao wakumbuke mwanzo wa 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu 1,133 waliuawa kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki, na mamia ya maelfu wakahama. Waliofukuzana katika Bonde la Ufa wengi wao walikuwa wakisali kanisa moja. Kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, watu walichomwa ndani ya nyumba ya ibada walimokimbilia. Kabila lilitosha. Mwaka huo ikapitishwa sheria ya kuunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na tangu hapo kuna ofisi yenye kazi ya kusimamia umoja. Tume ina faida zake, lakini ina hatari moja ambayo haitajwi: kila mtu hudhani kazi imekwisha kupata mwenyewe.

Itakuwa dhulma nikinyamazia hatua zilizopigwa. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba radhi kwa makosa ya serikali zilizopita, Wagalla ikiwemo, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathirika. Bunge halikuipitisha ripoti ya Tume ya Ukweli, na wazee wa Wagalla wameendelea kuzikwa wakisubiri fidia. Mwaka 2016 Mwalimu Salah alitunukiwa nishani ya taifa, nayo alistahiki. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada uliokuwa ukiwapata wakaazi wa kaunti za mpakani wanapoomba vitambulisho, ule wa kuitwa mbele ya kamati na kuulizwa karatasi za babu, wakati kijana wa sehemu nyingine anatoa cheti cha kuzaliwa na kuondoka.

Yaliyofuata tangazo hilo yanahusiana na filamu yetu kuliko inavyodhaniwa. Zilipanda kelele. Wapo waliosema ni hila ya kutafuta kura, na katika siasa za Kenya dhana hiyo haikosi msingi, sikatai. Wapo waliosema mlango umefunguliwa kwa magaidi. Hawa wa pili ndio ninaowauliza. Umeisifu "Watu Wote", umeiweka katika simu yako, umewatumia marafiki kila Desemba. Salah yule unayemlilia, kama angalikuwa hai na mwanawe amefika miaka 18, ungependa apange foleni gani? Ile yako, au ile nyingine?

Mtu akitaka kutengeneza filamu ya pili, nampa mahali pa kuanzia. Na aanze Eastleigh, usiku mmoja wa Aprili 2014, katika jengo la ghorofa lenye milango miwili inayotazamana. Askari wanagonga mlango wa kushoto. Ndani yuko mama wa Kisomali na watoto, na kitambulisho chake kimo katika mkoba, na mkoba hauonekani. Nyuma ya mlango wa kulia amesimama Jua, miguu mitupu, amekwisha kusikia kila kitu, na mkono wake uko kwenye komeo.